Kamba, ngano na maziwa: jinsi nilivyopima kila kimoja

Nilikuwa na matatizo mawili nikiyaita kwa jina moja, aleji, yaani mzio. La kwanza lilikuwa la kamba wa baharini: dakika kumi hivi baada ya kuwala, midomo iliwasha na mabaka yaliyovimba yakatoka shingoni na kifuani. La pili lilikuwa la tumbo: gesi, kunguruma, kisha kuharisha, mara saa moja baada ya kula, mara kesho yake.

Kosa la kwanza nililifanya kwa kutafuta kipimo kimoja cha yote mawili. Hakipo. Mabaka yanayotoka ndani ya dakika chache huletwa na kingamwili za IgE, zinazoufanya mwili umwage histamini. Tumbo linaloshindwa na maziwa limepungukiwa na kimeng'enya cha kusaga laktosi, yaani sukari ya maziwa. Kinga ya mwili haihusiki hata kidogo. Nilichonunua mimi kilikuwa kipimo cha IgG, kingamwili za aina nyingine: matone ya damu ya kidoleni, vyakula zaidi ya mia moja, majibu kwa rangi. Mayai yalikuja mekundu, na ngano, na lozi, yaani vile vile nilivyokuwa nikila karibu kila siku. Kamba walikuja kijani.

Si ajabu. IgG, hasa IgG4, hutengenezwa mwili unapokizoea chakula. Jumuiya ya wataalamu wa mzio barani Ulaya ilitamka mwaka 2008 kwamba IgG4 isitumike kuchunguza mzio wa chakula. Kupoteza pesa ni hasara ndogo; kinachonitia hofu mpaka leo ni ile kijani ya kamba. Mtu mwenye mzio wa kweli anaweza kuiamini akala tena.

Baada ya hapo nilianza na daftari, wiki mbili kamili. Kila mlo niliandika saa ya kula, chakula na kiasi chake, saa dalili ilipoanza na muda iliodumu. Safu mbili ambazo wengi huziacha ni za dawa na mazoezi. Aspirini, ibuprofeni, pombe au kukimbia baada ya kula vinaweza kuamsha mzio ambao chakula peke yake kisingeuamsha, na bila safu hizo utaona chakula kilekile kikikudhuru Jumanne na kukuacha salama Ijumaa. Daftari ndilo lililonionyesha kwamba gesi zilifuata maziwa, na mara nyingine mkate. Daktari bingwa wa mzio alilisoma kwanza kabla ya kuamua anipime nini.

Kwa kamba ilikuwa kipimo cha ngozi. Siku saba kabla yake niliacha setirizini, dawa ya kuzuia histamini, kwa sababu dawa za namna hiyo huzima mwitikio na kipimo hutoka safi kwa uongo. Muuguzi alidondosha matone ya vizio, yaani vitu viletavyo mzio, kwenye kigasha, yakiachana angalau sentimita mbili ili viuvimbe visiungane, kisha akachoma juu juu kupitia kila tone kwa kichomeo kipya. Matone mawili ni ya kulinganishia: histamini, ambayo lazima ivimbe, na maji ya chumvi, ambayo hayatakiwi kuvimba. Histamini isipovimba, kuna dawa bado mwilini na kipimo chote hakina maana. Maji ya chumvi yakivimba, ngozi ni ya wale ambao hata kukwaruzwa tu kunatosha. Baada ya dakika 15 vilipimwa kwa rula.

Kamba walifika milimita 8, wadudu wa vumbi 6, karanga 3. Kiwango kinachohesabika ni milimita 3 zaidi ya maji ya chumvi, kwa hiyo kwenye karatasi nilikuwa na mzio wa karanga pia. Lakini karanga nazila kila wiki na sijawahi kuwashwa. Daktari aliniambia niendelee kuzila, na hapa ndipo watu wengi huumizwa na majibu: kiuvimbe kinasema mwili una IgE ya kitu hicho, hakisemi kwamba ukikila utaugua. Ukiacha chakula unachokivumilia kwa sababu ya karatasi, unaweza hata kuupoteza ule uvumilivu. Kamba nao wana protini iitwayo tropomiosini, inayofanana na ya wadudu wa vumbi, kwa hiyo mtu wa vumbi anaweza kuvimba kwa tone la kamba bila kuwa na shida nao mezani. Kwangu uamuzi ulitoka kwenye yale mabaka ya dakika kumi pamoja na milimita 8. Wala ukubwa wa kiuvimbe haukadirii ukali. Unaongeza tu uwezekano kwamba mzio ni wa kweli.

Kipimo cha IgE cha damu kinafaa asiyeweza kuacha dawa za mzio au mwenye ukurutu mikono yote. Tahadhari za kuyasoma majibu yake ni zilezile.

Lilibaki swali la ngisi, kwa sababu naye ana tropomiosini. Hapo tulifanya jaribio la kulishwa, ambalo ndilo lenye neno la mwisho kwenye mzio wa chakula. Hufanyikia kliniki yenye adrenalini, dawa ya dharura ya mzio mkali, mkononi, kamwe si nyumbani, na huahirishwa ukiwa na mafua au pumu imeamka. Nilianza na kipande kidogo sana cha ngisi aliyepikwa, kiasi kikaongezwa kila baada ya dakika 30 mpaka mlo wa kawaida, kisha nikakaa saa mbili nikiangaliwa. Hakuna kilichotokea, ngisi nala. Kwa kamba nilipewa sindano ya adrenalini ya kujidunga pajani upande wa nje, na maelekezo ya kuitumia mara koo likibana, pumzi ikiwa nzito au kizunguzungu kikianza, bila kungoja kidonge kifanye kazi.

Ngano ilinichelewesha kwa kosa langu mwenyewe. Nilikuwa nimeacha mkate mwezi mzima kabla ya kupimwa ugonjwa wa seliaki, ambao utumbo huumizwa na gluteni, protini ya ngano, na damu ya mtu asiyekula gluteni inaweza kutoka safi hata kama ni mgonjwa. Ilibidi nirudi kula ngano katika zaidi ya mlo mmoja kila siku kwa wiki sita. Ndipo zikapimwa kingamwili za tTG-IgA pamoja na IgA ya jumla, maana aliyepungukiwa na IgA hutoa majibu safi ya uongo. Zangu zilikuwa sawa zote mbili.

Maziwa yalipimwa kwa pumzi: laktosi isiyosagwa huliwa na bakteria wa utumbo, nao hutoa haidrojeni inayotoka na pumzi. Wiki nne kabla yake hakuna antibiotiki. Siku moja kabla nilikula wali mweupe na kuku tu, bila maharage wala mboga za nyuzinyuzi, kisha nikafunga kwa muda wa saa 12, bila sigara. Ukikiuka haya, haidrojeni ya kuanzia huwa juu na unarudishwa nyumbani. Nilipuliza mara ya kwanza, nikanywa gramu 25 za laktosi ndani ya maji, sawa na nusu lita hivi ya maziwa, nikapuliza kila nusu saa kwa saa tatu. Haidrojeni kupanda kwa sehemu 20 kwa milioni juu ya mwanzo ndiko kunakohesabika. Mimi nilianza 4 nikafika 47 kwenye saa ya pili. Uliza kama mashine inapima methani pia, kwani wapo ambao bakteria wao hutoa methani badala ya haidrojeni, na wao hupewa majibu safi huku tumbo likiuma.

Sikuacha maziwa. Nilianza na mililita 50 pamoja na chakula, nikaongeza 50 kila baada ya siku tatu. Kwenye 200 tumbo limetulia. Kwenye 250 gesi zinarudi. Jibini ngumu, ambayo karibu haina laktosi, naila bila kuipima.