Pumzi ya Mwaridi

Jana nilikuwa nikimkata binti yangu kucha, akaniuliza, "Baba, ng'ombe akikatwa pembe haumii, sivyo? Si ni kama kucha?" Nikabaki nimemshika mkono. Mwaridi alinijia mbele ya macho.

Ni kule Ganda, kwenye boma la nyuma ya mikorosho, mwezi wa Januari, maana Baba alitaka kidonda kipone kabla mvua hazijaleta inzi. Mwaridi alishamchoma mwenzake kiweleni, kisha akamkosakosa dada yangu, pembe ikapita na kanga yake. Baba akasema basi. Daktari wa mifugo akaitwa.

Mimi ndiye niliyemlea Mwaridi tangu ndama. Kwangu alikuwa mpole, alikuja mwenyewe nikimwita, kwa hiyo kumfunga kichwa kwenye mkorosho kwa kamba ya makumbi ikawa kazi yangu. Daktari alimdunga sindano ya ganzi kati ya mkia wa jicho na shina la pembe, tukangoja. Kisha akazungusha waya, akauvuta huku na huku mpaka ukafuka moshi. Ilinuka kama kucha inayoungua. Pembe ikaanguka mchangani.

Nikachungulia. Pale ilipokuwa pembe palikuwa na tundu jeusi, la kuingia kidole gumba, na damu ya ukingoni ilikuwa ikitoa mapovu. Sikuelewa. Nikatazama pua yake, nikatazama tundu. Akivuta pumzi povu lanywea, akitoa lavimba. Mwaridi alikuwa akipumua kichwani. Nikasogeza kiganja, nikausikia upepo wake, vuguvugu.

"Ng'ombe mkubwa ndivyo alivyo," daktari akaniambia taratibu. "Uwazi wa fuvu huingia mpaka ndani ya pembe. Mngeniita akiwa wa wiki tatu, kilikuwa kichipukizi cha ngozini tu, hakijashikana na fuvu."

Baba akainamisha uso.

Tulifunika kwa kitambaa safi. Usiku ganzi ilipoisha alilia, na nilipompelekea maji aligeuza kichwa. Kidonda kilipona kabla ya masika. Dada yangu akawa anakatiza bomani bila hofu. Kwangu Mwaridi hakuja tena nikimwita.

Nilimwambia binti yangu kwamba ganda la juu la pembe kweli ni kama kucha. Nilikuwa natafuta namna ya kumweleza ya ndani, naye akaninyooshea mkono wa pili.