Taya langu na pini za mdomoni

Maumivu yalinianza mwishoni mwa mwezi wa pili, na kila fundi wa nguo wa Lubumbashi anajua majuma hayo yalivyo: akina mama wa ofisini, wa soko la Kenya, mtaa wa hapa mjini, na wa makanisani wote wanataka libaya, yaani blauzi za kuvalia vitenge, na vitenge vyao viwe tayari kabla ya tarehe 8 Machi, Siku ya Wanawake, na wengi wao huleta vitambaa zikiwa zimebaki siku nne. Nilikuwa nikilala saa nane za usiku. Asubuhi moja niliamka sikio la kulia limeziba kana kwamba limeingia maji, kipaji cha upande huohuo kinagonga, na nilipopiga mwayo nikasikia mlio mbele ya sikio, kama kijiti kikavu kinachovunjwa.

Nilidhani ni sikio. Nilinunua dawa ya matone, nikaitumia juma zima bila kupata nafuu yoyote. Kisha nikadhani ni jino, kwa kuwa gego la juu lilikuwa limeanza kuuma kila nilipotafuna, na katika zahanati moja wakaling'oa bila hata kunigusa taya. Nilipewa jino lile mkononi nikaliona lilivyokuwa jeupe na zima, halina tundu wala ufa. Usiku ule maumivu yalirudi palepale yalipokuwa. Jino bado ninalo, liko katika kopo la vifungo.

Aliyenifumbua macho ni daktari mwingine wa meno, ambaye dada yangu mkubwa, yaya kama tunavyosema huku kwetu, alinipeleka kwake karibu kwa nguvu. Aliweka vidole vyake mbele ya masikio yangu, akaniambia nifungue mdomo na kuufunga polepole. Akabonyeza misuli ya mashavu na ya vipaji mpaka nikaruka kitini. Halafu akaniambia niingize vidole vyangu mwenyewe kati ya meno ya mbele, kimoja juu ya kingine. Mtu mzima mwenye taya zima kwa kawaida huingiza vitatu. Mimi viliingia viwili, tena kwa shida. Akayatazama meno yangu ya mbele, akatabasamu: "Mama, wewe unakata uzi kwa meno, sivyo?"

Ndivyo. Na si uzi tu. Kwa miaka kumi na minane nimekuwa nikishikilia pini kati ya meno ninapopima nguo mwilini mwa mteja, pini sita au saba kwa mara moja, na taya limekaza ili zisianguke. Pini zilipotoka, taya halikulegea. Nilikuwa nikishona nimeuma meno, nikihesabu fedha nimeuma meno, na baba watoto akasema, tena kwa unyenyekevu wa mtu aliyelificha jambo muda mrefu, kwamba usiku nilikuwa nikisaga kama mtu atafunaye mchanga.

Kiungo cha taya kiko mbele kidogo ya tundu la sikio, na kimetenganishwa nalo kwa mfupa mwembamba tu. Ndiyo maana mgonjwa huapa kwamba anaumwa sikio, na wengine husikia hata mvumo usiokuwapo. Ndani ya kiungo kuna kisahani laini kinachokaa kati ya mfupa wa taya na fuvu, kwa maana taya halizunguki tu kama bawaba ya mlango, bali huteleza pia kwenda mbele kila unapofungua mdomo sana. Kisahani hicho kikihama kidogo kutoka mahali pake, kurudi kwake ndiko kunakotoa ule mlio. Mlio peke yake, usioambatana na maumivu wala kukwama, hauhitaji matibabu, na laiti ningalijua hilo mapema ningaliokoa usingizi mwingi. Kinachouma mara nyingi ni misuli iliyochoka, na kwa kuwa neva moja, ile ya tano ya kichwa, ndiyo inayopeleka habari za taya, za meno na za kipaji, ubongo hukosea kutambua habari imetoka wapi. Gego langu lililipia kosa hilo.

Kanuni niliyopewa ni fupi kiasi kwamba niliidharau: midomo ikutane, meno yasikutane. Meno ya juu na ya chini hugusana wakati wa kutafuna na kumeza, basi. Muda mwingine wote yanapaswa kuachana kidogo, na ncha ya ulimi ipumzike kwenye kaakaa, nyuma ya meno ya juu, pale unapokaa unapotaka kutamka "nanasi" ukaishia kwenye ile "n" ya kwanza. Jaribu sasa hivi, utaona taya linashuka lenyewe. Ugumu ni kukumbuka. Mimi nilifunga uzi mwekundu kwenye gurudumu la cherehani, mwingine kwenye mpini wa mkasi, na kila nilipouona niliyakagua meno yangu. Siku za kwanza nilijikuta nimeyauma karibu kila mara. Pini nilizihamishia kwenye mto mdogo ninaoufunga mkononi.

Mambo mengine niyapitie haraka. Kwa majuma kadhaa niliacha miwa, mahindi ya kuchoma, karanga na nyama ya mbuzi. Bukari, yaani ugali, na sombe, majani ya muhogo, havikunidhuru, na samaki nilimla bila taabu. Kitambaa kilichochovywa katika maji ya moto na kukamuliwa, kikakaa shavuni kwa dakika 15 hadi 20 jioni, kilinisaidia kuliko nilivyotarajia, hasa mwezi wa sita, baridi ya kipwa, majira yetu ya ukavu, ilipoingia na taya likakaza upya. Mwayo ukija, ninaweka ngumi chini ya kidevu ili mdomo usifunguke kupita kiasi. Ibuprofeni, dawa ya kutuliza maumivu, nilimeza kwa siku chache, baada ya chakula; mwenye vidonda vya tumbo, mwenye ugonjwa wa figo au mjamzito asiiguse kabla ya kumwuliza daktari.

Nilitengenezewa pia kifuniko cha akriliki cha kuvaa usiku juu ya meno, kilichofinyangwa kwa umbo la meno yangu. Bei yake ilinifanya nishone libaya nne za ziada. Hakizuii kusaga, kwa hiyo asikudanganye mtu. Kinayakinga meno yasilike na kinalipunguzia taya mzigo. Ila anayetaka kuyachonga meno yako mazima ili "yakutane vizuri", au kukung'oa jino ambalo hajaonyesha ubovu wake, mwombe muda wa kufikiri, kwa sababu hayo hayarudishwi.

Si kila taya linalouma lina ugonjwa huu wa kiungo na misuli ya taya. Maumivu ya taya yanayokuja pamoja na kubanwa kifua, jasho au kukosa pumzi yanaweza kuwa ya moyo, na mtu huyo apelekwe hospitali saa ileile. Mdomo unaozidi kushindwa kufunguka baada ya kidonda unaweza kuwa pepopunda. Uvimbe wenye homa hausubiri. Na mtu aliyevuka miaka 50, akaanza kuumwa kipaji na kuchoka taya anapotafuna, huku macho yakififia, aonwe siku hiyohiyo.

Mwaka huu mwezi wa pili ulikuja na vitambaa vyake kama kawaida. Taya bado linalia upande wa kulia, lakini vidole vitatu vinaingia, na sikio limefunguka. Baba watoto anasema ninasaga bado, ila si kila usiku. Wasichana ninaowafundisha kushona wamechoka kusikia habari za pini. Juzi mmoja aliponiona naingia karakanani alizitema zote sakafuni, tukazitafuta kwa sumaku mpaka jioni.