Kuwahesabu bobolinki kabla trekta haijaingia

Dume wa bobolinki, ndege mdogo wa Amerika anayetaga kwenye nyasi, hana siri. Mwezi Juni, katika mashamba ya nyasi za malisho ya Vermont, Marekani, anapaa akiimba, tumbo jeusi, kisogo cha rangi ya maziwa mgando. Jike ni wa kahawia, mkimya, na kiota kiko chini kabisa ya mashina. Kwa hiyo anayefuata sauti pekee anahesabu madume. Kuzidisha kwa 2 hakusaidii, maana dume mmoja huweza kuwa na majike kadhaa.

Anza jua linapochomoza, umalize ndani ya muda wa saa 4 hivi. Mvua au upepo wa kutikisa matawi ukiwapo, ahirisha. Fika kituoni, yaani pale utakaposimama kuhesabu, tulia dakika 1 au 2, kisha hesabu kwa dakika 5 au 10. Ukishachagua muda, usiubadilishe msimu mzima. Hesabu walio ndani ya mita 100, na umbali huo upimwe mapema kwa nguzo za uzio, kwani jicho hudanganywa na uwanda mtupu. Kati ya kituo na kituo ziwe mita 250.

Chora duara karatasini. Kila ndege awekewe alama pale alipoonekana kwanza; akihama, chora mshale. Madume wakianza kufukuzana, bila mishale hiyo wawili wanageuka watano. Wanaopita juu tu waandikwe pembeni. Kati ya ndege wengine wa shamba, shomoro wa nyasini ndio wanaopotea zaidi katika hesabu: wimbo wao mwembamba ni kama wa panzi, na masikio ya uzeeni hayaupati.

Alama yenye thamani kuliko zote ni jike mwenye kiwavi mdomoni anayerudi sehemu ileile. Hapo pana makinda. Usiende kukitafuta kiota. Nyasi ulizokanyaga humwonyesha mbweha njia.

Mayai huatamiwa siku 12 hivi, na makinda hutoka kiotani wakiwa na siku 10 au 11, kabla hawajajua kuruka. Kiota kitupu, basi, si ruhusa ya kukata nyasi kwa trekta. Mkulima naye ana haki yake: nyasi zikishatoa mbegu, protini imeshuka. Mapatano yanayofaa ni kukata kabla ya Mei kwisha, kisha kungoja siku 65 kabla ya mkato wa pili, ndege wapate kutaga upya.

Baada ya mkato, madume huweza kuendelea kuimba juu ya shamba lililonyolewa. Waandike, ila usiwahesabu kuwa ni viota vilivyosalimika.