Mota yangu ilivyokatwa uchakavu mara mbili

Mashine yangu ya kusaga iko Uyole, Mbeya, upande wa barabara ya Tukuyu. Hitilafu ya umeme iliwasha moto usiku, na asubuhi mota ya hospawa 20 ilikuwa jivu na chuma. Bima ya moto nilikuwa nayo.

Mkadiria hasara alikuja, akapiga picha. Baada ya wiki mbili nikaletewa hesabu: shilingi 840,000. Niliisoma nimesimama mlangoni, wateja wakipita na debe zao kwenda kwa jirani.

Nikakaa na kuichambua. Kwanza, bei aliyoichukua ilikuwa ya mota ya hospawa 15. Hiyo haikivuti kinu changu, kitakwama mahindi yakishajaa. Pili, ndiyo iliyoniuma zaidi: mota hiyo aliyoichukulia bei ilikuwa iliyotumika, 1,400,000, halafu akaondoa tena asilimia 40 ya uchakavu, yaani thamani inayopotea kwa kutumika, kwa miaka minne ya mota yangu. Lakini bei ya mtumba tayari imeshakatwa uchakavu! Muuzaji hakukuuzia kwa bei ya mpya. Ama uanze na bei ya mpya utoe uchakavu, ama uchukue bei ya iliyotumika uiache ilivyo.

Nilizunguka kwa wauzaji wa Mwanjelwa na karatasi yenye maelezo ya kibao cha mota yangu, kile chenye vipimo vyake: kilowati 15 (ndizo hospawa 20), umeme wa njia tatu, mizunguko 1,450 kwa dakika, waya wa kopa. Muuzaji mmoja alinipa bei nzuri, kumbe ni ya waya wa alumini. Hiyo sikuiingiza, maana haikulingana na yangu. Mpya inayolingana ilikuwa 3,000,000. Toa asilimia 40, inabaki 1,800,000. Fundi wa kusuka mota aliniandikia kuwa iliyotumika ya aina hiyohiyo inauzwa 1,850,000. Njia mbili, jibu karibu moja.

Nilipompelekea hesabu yangu, yule kijana mkadiria akaniambia, “Mama, wengi hudai bei ya mpya.” Nikamjibu, “Mwanangu, mota yangu haikuwa mpya. Nataka ile niliyokuwa nayo.” Mkataba wangu ulikuwa wa kunirudisha nilipokuwa, si kunipandisha, na hilo nililikubali tangu nalipa ada.

Nililipwa 1,800,000. Nikaongeza 1,200,000 za akiba, nikanunua mpya. Kwenye daftari nimeiandika 3,000,000 kama mali, si matengenezo, na risiti yake na picha ya kibao viko nyumbani, mbali na mashine.