Nani atasema ukweli mbele ya bosi?

Leo nimeshinda nikisoma ripoti za makampuni makubwa kuhusu watu wanaowatengenezea bidhaa. Karibu kila kampuni inadai imewasikiliza wafanyakazi. Nikajiuliza: imewasikilizia wapi? Mara nyingi mkaguzi huja kwa siku moja au mbili, akawahoji watu wachache humo humo kiwandani, huku msimamizi akijua nani kaitwa na kakaa ndani muda gani. Mtu mwenye kodi ya nyumba na watoto wa kulisha atasema nini hapo zaidi ya "tuko salama"?

Kila nikiwaza haya nairudia Rana Plaza, jengo la viwanda vya nguo kule Savar, karibu na Dhaka, Bangladesh. Tarehe 23 Aprili 2013 kuta za jengo zilionekana zimepasuka. Benki na maduka ya chini yakafungwa. Mafundi cherehani wa ghorofa za juu wakaamriwa kurudi kazini kesho yake, wengine wakitishiwa kukatwa mshahara. Asubuhi ile jengo likaporomoka, wakafa zaidi ya watu 1,100. Nyufa walikuwa wameziona kwa macho yao. Hawakuhitaji dodoso la kuwauliza maoni. Walihitaji kukataa kuingia bila kupoteza kazi, na hilo linaniuma hadi leo.

Mwezi uliofuata makampuni ya nguo na vyama vya wafanyakazi wakatia saini mkataba wa usalama wa viwanda vya Bangladesh. Ndani yake fundi alipewa haki ya kukataa kazi ya hatari, na ripoti za ukaguzi zikawekwa hadharani. Zaidi ya yote, mkataba ulikuwa na nguvu ya kisheria: vyama viliwahi kuyafikisha makampuni mawili kwenye usuluhishi The Hague, Uholanzi, na kesi zikaisha kwa makubaliano. Kwangu mimi huko ndiko kusikilizana, kwa sababu anayesema ana pa kushika asipojibiwa.

Bei nayo haiguswi sana kwenye ripoti hizi. Kampuni inayonunua kiwandani ikibana bei na kutaka mzigo haraka, saa za ziada anazifanya fundi.

Na hapo nazungumzia kiwanda chenye geti. Wapo wanaodarizi na kushona shanga nyumbani, wakilipwa kwa kipande kupitia dalali, na kampuni ambayo jina lake liko kwenye lebo haijui hata kama wapo. Katika ripoti zote nilizosoma leo, sijaona ukurasa wao.