Chaki kwenye ukuta wa jiko

Tangu Februari, tarehe nilikuwa naiandika katikati ya ubao. Bega la kulia lilikuwa halipandi zaidi ya hapo, na watoto wa darasa la tatu hawana siri: "Mwalimu, mbona unaandika chini?" Nyumbani ndiyo usiseme. Kufunga sidiria mpaka machozi, na usiku nikijisahau nikalalia upande ule, naamka napiga kelele.

Nilianzia kwa mchuaji wa mtaani. Mafuta ya nazi ya moto, kisha akauvuta mkono mpaka ukalia. Wiki mbili sikulala. (Na elfu kumi yake nilimpa mwenyewe, kwa mkono wa kushoto.)

Kisha nikaenda kwa kijana wa fiziotherapia, tiba ya viungo kwa mazoezi. Makamo ya mwanangu wa kwanza, na hakuchua chochote. Aliniambia niunyanyue mkono mwenyewe, kisha niulegeze aunyanyue yeye. Akabana kiwiko changu ubavuni, akajaribu kuupeleka mkono nje kama anayefungua mlango. Ukagota.

"Mama, ungekuwa ni msuli umechanika, wewe ungeshindwa lakini mimi ningeuinua. Huu umetugomea wote wawili."

Bega limeganda. Mfuko unaozunguka kiungo umekakamaa na kusinyaa. Halafu akauliza: "Una sukari?" Ninayo, huu mwaka wa 9, na siku zote nakaguliwa macho na miguu. Kwamba sisi wa sukari ndio tunaogandwa na mabega kuliko wengine, nilikuwa sijui. Akasema linaweza kuchukua mwaka, hata miwili au zaidi. Nikamshukuru kwa kutonidanganya.

Kazi yenyewe haina maajabu. Nainama, mkono wa kushoto mezani, wa kulia unaning'inia na kubembea na chupa ya maji ya nusu lita. Kanga naivuta mgongoni kama najisugua. Halafu ukutani: vidole vinapanda kama buibui mpaka panapoanza kuvuta, nahesabu 15, nashuka. Kuvuta ruksa, uchungu ukinifuata mpaka kitandani, nimezidisha.

Kila Jumapili napiga mstari wa chaki vidole vilipofika. Wa kwanza uko usawa wa kidevu. Wa juzi umepita kichwa kwa kiganja kizima. Kuna mmoja ulioshuka, wa wiki ya kusahihisha mitihani, sikufanya hata siku moja.

Mume wangu anataka kupaka jiko rangi kabla ya Krismasi. Nimemwambia aanzie sebuleni.