Iowa City, mji ulionirudishia jioni zangu

Ndugu zangu wakinipigia simu huuliza kama nimeshaiona New York. Bado. Naishi Iowa City, mji wa watu wapatao 75,000 katika jimbo la Iowa, Marekani, ukitoka nje yake kidogo tu ni mahindi na soya mpaka macho yachoke. Wakiuliza maisha yakoje, huwa naanza na jioni.

Nilipokuwa Dar nilitoka kazini Posta saa kumi na moja, foleni ikanifikisha Mbagala saa mbili usiku, mwanangu ameshalala. Hapa zamu yangu ya kuhudumia wazee inaisha saa tisa alasiri, na saa kumi haijagonga niko jikoni, yeye anasoma mezani. Basi la mji ni bure tangu Agosti 2023: unapanda, unamsalimia dereva, unakaa. Mabasi ya chuo nayo ni bure, hata kwa sisi tusio wanafunzi. Kama huna gari, jambo hili linakugusa kila siku ya Mungu.

Mji wote umejengeka juu ya Chuo Kikuu cha Iowa, kilichoanzishwa 1847. Makao makuu ya jimbo yalikuwa hapa, yakahamia Des Moines mwaka 1857, na jengo la serikali lenye kuba la dhahabu likabaki mikononi mwa chuo. Chuo na hospitali yake vinaajiri watu wengi mno, lakini wingi wa wanafunzi unapandisha kodi za nyumba. Mikataba mingi ya upangaji huisha mwishoni mwa Julai, na siku hizo kandokando ya barabara hujaa vitanda, makabati na viti. Meza ya mwanangu niliiokota hivyo, nzima kabisa. Makochi na magodoro usiyaguse, kunguni hawana huruma.

Kuna jambo moja napenda mliopo nyumbani mlijue. Uwanja wa Kinnick, ambako timu ya chuo hucheza mpira wa Kimarekani, unachukua watu karibu 69,000, na umepakana na hospitali ya watoto. Tangu 2017, robo ya kwanza ya mechi ikiisha, uwanja mzima hugeuka na kuwapungia mikono watoto wagonjwa walioko madirishani kule ghorofa ya juu. Mara ya kwanza kuliona nililia, wala sikujua hata timu ipi inaongoza.

Baridi sitaificha. Januari jua linazama kabla ya saa kumi na mbili, na zipo siku nyuzijoto hushuka chini ya -20. Mwaka wetu wa kwanza hita iliharibika, mwenye nyumba akachukua siku nne kuleta fundi. Nilimpigia mama mmoja wa Bukavu niliyekutana naye kanisani, maana Wakongomani ni wengi hapa na Kiswahili utakisikia dukani na kituo cha basi. Sikumaliza kueleza. "Niko nakuya!" akasema, simu ikakatika.

Tulilala kwake siku zote nne. Alitupikia sombe, ndicho kisamvu chetu, kwa majani ya kugandishwa anayonunua duka la Kiafrika. Mimi nilizoea kukiunga kwa nazi, yeye anatia mawese. Siku hizi Jumapili tunapika pamoja, sufuria mbili, na watoto wanachota kote kote.